Fruitvale Station na The Killing of Kenneth Chamberlain: Ipi Uitazame, na Kwa Sababu Gani

Mtu anayetaka kutazama filamu ya kuigiza iliyotokana na tukio la kweli la polisi kumuua raia kwa risasi hukutana na majina mengi, mengi yao kutoka Marekani, na kwa kawaida huishia kwenye lile linalotajwa zaidi. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa jina hilo limekuwa Fruitvale Station, filamu ya mwaka 2013 iliyoandikwa na kuongozwa na Ryan Coogler. Sina ubishi na sifa zake. Hata hivyo ipo filamu nyingine, The Killing of Kenneth Chamberlain ya David Midell, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2019 na kuingia katika majumba ya sinema ya Marekani mwaka 2021, ambayo haijapata umaarufu kama huo, na ambayo kwa maoni yangu inaeleza vizuri zaidi jinsi mauaji ya aina hii yanavyotokea. Zinafaa kuwekwa pamoja kwa sababu zinafanana kwa mengi ya nje, lakini kila moja inajibu swali lake.

Kufanana kwenyewe ni kwingi. Zote mbili hazifikii saa moja na nusu, na zote mbili ziliandikwa na waongozaji wake wenyewe, kwa fedha ambazo kwa viwango vya Hollywood ni kidogo mno. Fruitvale Station iligharimu takriban dola 900,000 na kuingiza zaidi ya dola milioni 17. Kila moja inamhusu mwanamume mweusi ambaye mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba atakufa kabla filamu haijaisha. Waigizaji wakuu wa zote mbili waliwahi hata kuonekana katika tamthilia moja ya televisheni, The Wire, inayohusu jiji la Baltimore: Michael B. Jordan akiwa kijana mdogo anayeuza dawa za kulevya mtaani, na Frankie Faison akiwa mmoja wa wakubwa wa jeshi la polisi. Tofauti zinaanzia kwenye matukio yenyewe, na hapo ndipo anayechagua anapaswa kuanzia pia.

Yaliyotokea Oakland na White Plains

Oscar Grant alikuwa na umri wa miaka 22. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2009 alikuwa akirudi na wenzake kutoka San Francisco, walikokwenda kusherehekea mwaka mpya, wakiwa wamepanda treni ya BART, shirika la usafiri wa abiria la eneo la Ghuba ya San Francisco ambalo lina polisi wake lenyewe. Ugomvi ulizuka ndani ya behewa, polisi wakaitwa, na treni ikasimamishwa katika kituo cha Fruitvale mjini Oakland. Grant na baadhi ya wenzake waliketishwa kwenye jukwaa la kituo, migongo ukutani. Baada ya majibizano na purukushani alilazwa kifudifudi, na askari aitwaye Johannes Mehserle akampiga risasi moja mgongoni, saa nane hivi za usiku. Alifariki hospitalini asubuhi hiyo. Abiria waliokuwa ndani ya treni walirekodi tukio hilo kwa simu na kamera zao, na picha hizo ndizo zilizowatoa watu mitaani Oakland katika wiki iliyofuata. Mehserle alisema alikusudia kuchomoa bunduki ya umeme akachomoa bastola. Kesi yake ilihamishiwa Los Angeles, na mwezi Julai 2010 alitiwa hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na kutoka gerezani mwezi Juni 2011. BART ililipa mama na binti wa marehemu jumla ya dola milioni 2.8.

Kenneth Chamberlain alikuwa na umri wa miaka 68, mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha wanamaji na askari magereza mstaafu, akiishi peke yake katika nyumba ya kupanga mjini White Plains, jimbo la New York. Alikuwa na ugonjwa wa moyo na pia ugonjwa wa akili wa bipola, na kwa sababu ya moyo alivaa kidani cha dharura ambacho kikibonyezwa huwaita wahudumu wa afya. Alfajiri ya tarehe 19 Novemba 2011, mnamo saa kumi na moja, kidani hicho kilijibonyeza bila yeye kukusudia. Kampuni ya huduma hiyo haikumpata kwenye spika iliyokuwa nyumbani kwake, ikaomba msaada, na polisi wakafika kumjulia hali. Aliwaambia kupitia mlangoni kwamba yu salama na kwamba hakuwaita. Walikataa kuondoka bila kumwona, naye akakataa kufungua. Kwa zaidi ya saa moja mvutano huo uliendelea, mpaka mlango ukavunjwa, akapigwa kwa bunduki ya umeme, akafyatuliwa risasi za vifuko zisizokusudiwa kuua, na hatimaye akapigwa risasi akafa. Polisi walidai kwamba alikuwa na kisu na kwamba alimtishia askari. Familia yake ilipinga maelezo hayo. Jopo la raia lililokutana mwaka 2012 liliamua kwamba hakuna askari atakayeshtakiwa. Familia ilifungua kesi ya madai, ikashindwa mwaka 2016, ikafufuliwa kwa sehemu na mahakama ya rufani mwaka 2020 juu ya hoja ya polisi kuingia nyumbani kinyume cha sheria, na mwaka 2023 mji ulikubali kulipa dola milioni 5.

Ukiyatazama matukio haya kwa makini utaona kwamba la kwanza liliamuliwa katika sekunde chache, na la pili liliamuliwa polepole, mbele ya mashahidi, huku kila dakika ikitoa nafasi ya watu kugeuza njia. Waongozaji wote wawili waliielewa tofauti hiyo, na ndiyo iliyowapa umbo la filamu zao.

Siku nzima dhidi ya mlango mmoja

Coogler alizaliwa mwaka 1986, mwaka uleule aliozaliwa Grant, katika jiji la Oakland lilelile lililotokewa na tukio. Wakati wa tukio alikuwa mwanafunzi wa filamu, na aliwahi kufanya kazi katika mahabusu ya watoto San Francisco. Kwa hiyo alimjua mtu wake kwa namna ambayo waandishi wa habari hawakumjua. Filamu inaanza kwa picha halisi za simu kutoka kituoni, risasi inasikika, kisha tunarudishwa nyuma hadi asubuhi ya tarehe 31 Desemba. Kuanzia hapo tunaishi na Oscar siku yake yote ya mwisho. Anampeleka bintiye wa miaka minne shuleni, anakwenda dukani alikofukuzwa kazi kwa kuchelewa na kumsihi meneja amrudishe, anafikiria kuuza bangi na kisha anaimwaga, anamnunulia mama yake kaa kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa kwake, kwa kuwa mama alizaliwa siku hiyo. Hakuna kati ya hayo linalotangazwa kuwa kubwa, na uzito wake wote unatokana na kwamba tunajua saa nane ya usiku inakuja.

Ufundi wa filamu hii unaonekana vizuri zaidi katika matukio mawili yanayomhusu mama, aliyeigizwa na Octavia Spencer. Katika la kwanza, linaloturudisha mwaka mmoja nyuma, anamtembelea mwanawe katika gereza la San Quentin, wanagombana, naye anamwambia kwamba hatakuja tena. Oscar anaomba kukumbatiwa, mama anaondoka bila kugeuka. Katika la pili mama yuko hospitalini, mwili wa mwanawe uko upande wa pili wa kioo, anaomba aruhusiwe kumkumbatia, na anaambiwa haiwezekani kwa sababu kifo hicho ni cha mauaji na mwili haupaswi kuguswa. Coogler hasemi neno lolote la kuunganisha mambo hayo mawili. Anamwachia mama, na anatuachia sisi. Kuna pia uchungu wa ushauri wake: yeye ndiye aliyemwambia mwanawe apande treni usiku huo badala ya kuendesha gari, ili awe salama.

Midell alifanya jambo lililo kinyume kabisa. Hakutaka kutuonyesha siku ya Chamberlain wala maisha yake ya nyuma, isipokuwa yale yanayojitokeza yenyewe katika maneno yake. Filamu inaanza akiwa amelala na inaishia karibu na pale anapokufa, na muda wa hadithi unakaribiana sana na muda ambao mtazamaji anakaa kitini. Kamera inabebwa mkononi, iko karibu na nyuso, na inakwenda na kurudi kati ya chumba chenye mwanga hafifu na ngazi za jengo ambako askari wanaongezeka mmoja baada ya mwingine. Mlango umesimama katikati ya filamu nzima. Upande mmoja mzee anasema amechoka, moyo unamwenda mbio, anasali, anazungumza na mhudumu wa kidani kupitia spika, anawapigia simu ndugu zake. Upande wa pili askari wanabisha, wanapiga teke, wanashauriana, wanacheka, wanakasirika. Mhudumu wa simu anajaribu kuwaambia polisi kwamba wito umefutwa, na hilo halibadilishi kitu. Mpwa wake anayeishi katika jengo hilohilo anakuja akijitolea kuzungumza naye, naye anazuiwa.

Hapo ndipo ninapoona ubora wa filamu hii. Katika Fruitvale Station unaweza kujifariji, ukitaka, kwa kudhani kwamba yote yalikuwa ajali ya sekunde moja ya askari mmoja aliyechanganyikiwa. Filamu haikuhimizi kufikiri hivyo, lakini mfumo wake haukuzuii. Katika filamu ya Midell faraja hiyo haipo. Unahesabu mwenyewe nafasi walizopata watu wenye mamlaka za kuondoka, kungoja, kumwita mtaalamu wa afya ya akili, au kumsikiliza ndugu aliyesimama mbele yao, na unaona kila nafasi ikikataliwa kwa sababu ndogo ambayo kwa wakati huo ilionekana na maana: tumeshafika, hatuwezi kuonekana tumeshindwa na mzee, pengine kuna mtu mwingine ndani, hatujui. Kazi iliyoanza kwa kumjulia hali mgonjwa inageuka kuwa kazi ya kumtiisha mtu asiyetii, na hakuna dakika moja unayoweza kuionyesha kwa kidole na kusema kwamba ilibadilika pale.

Ukweli na yaliyobuniwa

Swali la kwanza ambalo mtazamaji makini huuliza juu ya filamu za namna hii ni kiasi gani cha yale anayoyaona kilitokea. Linastahili kujibiwa wazi, maana hizi ni habari za watu ambao ndugu zao wako hai.

Fruitvale Station ilifuata kumbukumbu za mahakama na mazungumzo na familia, na baadhi ya picha zake zilichukuliwa katika kituo chenyewe cha Fruitvale, usiku, kwa ruhusa ya BART. Lakini saa nyingi za siku ile Oscar alikuwa peke yake, na Coogler alizijaza kwa kubuni. Tukio la mbwa aliyegongwa na gari, ambaye Oscar anamshika mpaka anakufa, ni la kubuni, na mwongozaji mwenyewe alikiri hivyo. Mwanamke ambaye Oscar anakutana naye kwenye kaunta ya samaki, ambaye baadaye usiku anamwita Oscar kwa jina ndani ya treni na hivyo kumtambulisha kwa adui yake wa gerezani, ni mhusika aliyeundwa ili kuunganisha mchana na usiku. Majina ya askari yalibadilishwa. Wakosoaji kadhaa walilalamika kwamba tukio la mbwa linamsafisha Oscar kupita kiasi, na mimi nakubaliana nao kwa kiasi fulani, kwa kuwa filamu tayari inatuonyesha hasira zake, uongo wake kwa mchumba wake na kifungo chake, na ingesimama imara bila mbwa huyo. Mtu hahitaji kuwa mwema kwa wanyama ili kifo chake kiwe dhuluma.

Filamu ya Midell ilikuwa na jambo ambalo Coogler hakuwa nalo: sauti. Spika ya kidani ilibaki wazi ikirekodi, na bunduki ya umeme ya polisi nayo ilirekodi picha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maneno tunayoyasikia yana asili katika rekodi hizo, pamoja na tusi la ubaguzi wa rangi ambalo lilisikika kweli asubuhi ile. Mwishoni filamu inatuacha tusikie sehemu ya sauti halisi, na mtazamaji anagundua jinsi Faison alivyokuwa karibu na mtu aliyemwigiza. Kilichobuniwa zaidi ni upande wa pili wa mlango. Askari nao wamepewa majina mengine, na mmoja wao, Rossi, aliyeigizwa na Enrico Natale, ni askari mpya mwenye mashaka ambaye anauliza kwa sauti maswali tunayoyauliza sisi: je, tunayo haki ya kuingia? Kwa nini tusimwache? Baadhi ya watazamaji wanaweza kuona kwamba mhusika huyu amewekwa kwa urahisi wa mwandishi. Mimi naona anafanya kazi muhimu, kwa sababu mashaka yake hayaokoi mtu yeyote. Anaona kosa, analitaja, ananyamazishwa na wakubwa wake, na anabaki pale.

Kwa anayepima uaminifu wa kumbukumbu peke yake, basi, The Killing of Kenneth Chamberlain iko mbele. Kwa haki ni lazima niongeze kwamba muda umeithibitisha pia Fruitvale Station mahali pamoja pa maana. Filamu inamtwisha mzigo mkubwa askari wa pili, aliyeigizwa na Kevin Durand, anayewavuta vijana nje ya treni, kuwapiga na kuwatukana kabla ya risasi. Mwaka 2019 ripoti ya uchunguzi ulioagizwa na BART miaka kumi kabla iliwekwa hadharani, na ikaeleza kwamba mwenendo wa namna hiyohiyo wa askari wa kweli ndio uliochochea mfululizo wa mambo yaliyoishia kwenye risasi. Coogler alikuwa ameliona hilo katika picha za abiria mwaka 2013.

Waigizaji

Juu ya Michael B. Jordan sina haja ya kusema mengi. Watazamaji wa Afrika Mashariki waliomjua baadaye kupitia Black Panther, filamu nyingine ya Coogler ambamo Lupita Nyong'o wa Kenya alishiriki, watamkuta hapa akiwa mtu wa ishara chache, akibadilika sauti na uso kila anapobadilika mtu aliye mbele yake: laini kwa bintiye, mjanja kwa wenzake, mkali ghafla kwa meneja anayemkatalia kazi. Melonie Diaz, kama mchumba wake, anastahili sifa kuliko alizopewa.

Frankie Faison alikuwa ameigiza kwa miongo mingi kabla ya kupewa nafasi ya kubeba filamu peke yake, na alipoipata aliitumia kwa namna inayotisha. Mzee wake ana heshima, ana hofu, anakasirika, anachanganyikiwa, na mara nyingine yote hayo yamo katika sentensi moja. Anapozungumza na spika kana kwamba ndiyo jirani pekee aliyebaki naye, hakuna mbinu ya uigizaji inayoonekana. Mwaka 2021 alipata tuzo ya Gotham ya mwigizaji mkuu bora pamoja na Olivia Colman, na nje ya hapo tuzo kubwa zilimpita. Nalisema hili kwa masikitiko ya kweli: kama watu wangeichagua filamu hii kwa ajili yake tu, wangekuwa wamechagua vizuri.

Filamu mbili ambazo huenda zikatajwa badala yake

Anayetafuta orodha ndefu zaidi atakutana na Detroit ya Kathryn Bigelow, ya mwaka 2017, inayohusu vijana watatu weusi waliouawa katika hoteli ya Algiers Motel wakati wa machafuko ya Julai 1967. Ni filamu yenye uwezo mkubwa wa kiufundi, ina urefu wa saa mbili na dakika 23, na sehemu yake ya kati ni mateso yanayoendelea kwa muda mrefu hivi kwamba wengi walihisi waathirika wamebaki miili ya kupigwa tu. Mahakamani hakuna hata mmoja wa walioshtakiwa aliyetiwa hatiani, na filamu inalieleza hilo kwa haraka mwishoni. Siipendekezi kama filamu ya kwanza.

Judas and the Black Messiah ya Shaka King, ya mwaka 2021, ambayo Coogler alikuwa mmoja wa watayarishaji wake, inahusu Fred Hampton, kiongozi katika chama cha siasa cha watu weusi kiitwacho Black Panther (si ile filamu), aliyeuawa na polisi mjini Chicago tarehe 4 Desemba 1969 akiwa na miaka 21, ndani ya nyumba alimokuwa amelala. Daniel Kaluuya, Mwingereza ambaye wazazi wake ni wa Uganda, alishinda tuzo ya Oscar kwa kumwigiza. Inafaa sana kwa anayependa siasa na historia ya vuguvugu la watu weusi, ila kiini chake ni usaliti wa mtoa habari wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na risasi za polisi ni hitimisho la njama iliyopangwa. Ni aina nyingine ya mauaji, na inahitaji jioni yake yenyewe.

Nani achague ipi

Kama unatazama pamoja na familia yenye vijana wakubwa, chagua Fruitvale Station. Ina matusi ya mtaani na ina bangi, lakini ina pia mama, bibi, mtoto, chakula na kicheko, na kijana wa miaka 16 au 17 atamwona Oscar kama mtu anayemjua. Wazazi wa Kiafrika wanaoishi Marekani, ambao hulazimika kuwaeleza watoto wao namna ya kujiweka wanaposimamishwa na polisi, wataona kwamba filamu hii inafungua mazungumzo hayo bila kuyageuza kuwa hotuba. Pia ndiyo ya kuchagua kama hujawahi kutazama filamu yoyote ya aina hii, kwa sababu inakupa mtu wa kumlilia kabla ya kukupa tukio la kulichambua.

Kama unataka kuelewa utaratibu wa kazi ya polisi na mahali unapoharibika, chagua The Killing of Kenneth Chamberlain. Ningeiweka mbele ya wanafunzi wa sheria, maofisa wa ustawi wa jamii, wauguzi wa magonjwa ya akili, walinzi wa makampuni, na hasa askari wenyewe wakiwa mafunzoni. Maswali yake ni ya kazini: ni wakati gani polisi wanaruhusiwa kuingia nyumbani kwa mtu bila hati ya mahakama, nani mwenye mamlaka ya kusema turudi, mtu mwenye ugonjwa wa akili azungumzwe naye vipi, na askari wa cheo cha chini afanye nini anapoona mkubwa wake anakosea. Yote hayo yanaulizwa katika nchi yoyote yenye polisi wenye silaha.

Wapo pia wanaopaswa kuiepuka, angalau kwa sasa. Mtu mwenye shinikizo la moyo, mtu aliyemuuguza ndugu mwenye ugonjwa wa akili, na mtu aliyewahi kuvunjiwa mlango usiku atateseka kwa dakika 80 na zaidi bila kupumzishwa, maana filamu haina mahali pa kuvuta pumzi. Fruitvale Station inaumiza katika dakika 20 za mwisho. Hii inaumiza tangu mlango unapobishwa.

Ikiwa unafikiria kuzitazama zote mbili, anza na ya Coogler na uache siku kadhaa zipite kabla ya ile ya Midell. Ukianza na ya Midell, subira ya Fruitvale Station, zile saa za kununua kaa na kupiga simu za mama, zitakuonekania kama kuchelewesha jambo, nawe utakuwa umeinyima haki yake. Ukifuata mpangilio wa kwanza, utaingia nyumbani kwa Chamberlain ukiwa tayari umezoea kumtafuta mtu nyuma ya habari ya kifo chake, na utamtambua haraka, ingawa filamu haikupi siku nzima ya kumjua.

Kwa kikundi kinachokusudia kujadili, shauri langu ni kuisimamisha filamu ya Midell mara moja tu, pale mpwa anapozuiwa kupanda ngazi kumfikia mjomba wake, na kila aliyepo aseme angefanya nini kama angekuwa yule askari aliyemzuia. Majibu yakishatolewa, endeleeni mpaka mwisho bila kusimama, na msizime majina ya waigizaji yanapoanza kupita, kwa kuwa sauti ya Chamberlain mwenyewe iko huko.